Isale Si la Deni

Tarehe 3 Juni. Ukungu tangu alfajiri, manyunyu hayakatiki, mlima haujaonekana hii ni siku ya nne.

Juzi tulimzika Kaka Zakaria. Leo asubuhi binti yake wa mwisho amepanda hadi kwangu na bahasha ya kaki chini ya koti, viatu vimejaa tope, akasema, "Shangazi, hii nimeikuta kwenye sanduku la baba. Nadhani inakuhusu." Ndani mlikuwa na karatasi zilizopigwa chapa, zimefungwa kwa uzi, kingo zimeliwa na mende. Zimeandikwa Kiingereza, lugha ambayo tulionana nayo darasani miaka michache tukaachana bila kuzoeana. Nikamwomba anisomee taratibu kwa Kiswahili, akaketi kwenye kigoda karibu na moto akaanza. Alipofika ukurasa fulani akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Nikamwambia endelea. Akasoma: "Mhojiwa namba nne. Mwanamke, miaka kumi na tisa, darasa la saba. Hufanya kazi tangu kabla ya jua kuchomoza hadi baada ya jua kuzama. Halipwi, na hajui kwamba halipwi." Akainua macho. "Ni wewe, Shangazi?" Nikasema ni mimi. Na kwa kuwa napenda kutenda haki hata kwa marehemu, nikamwambia kwamba hapo kwenye kulipwa baba yake alikuwa sahihi. Hapo kwenye kujua ndipo alipokosea.

Mimi si mwandishi. Nina tabia tu ya kuandika daftari, niliyoipata kwa mwalimu wetu wa darasa la sita: juu unaandika hali ya hewa, katikati yaliyotokea, chini mlichokula jioni. Alisema mtu akikosa la kuandika, hawezi kukosa mvua wala chakula. Daftari la mwaka wa sabini na tatu bado ninalo, ingawa panya wamekula karibu Agosti yote. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa mengine yametoka kwenye daftari, mengine kichwani, na kichwa changu sikiamini sana. Nitajitahidi kusema lipi ni lipi.

Habari za ukoo wetu naziacha. Inatosha kujua kwamba baba alikuwa ameshafariki, kwamba Zakaria hakuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali, na kwamba ada ya miaka minne kwenye sekondari ya binafsi aliitoa jirani yetu, Meku Anaeli, meku kwa Kichaga ndiyo mzee. Hakuitoa bure. Alipewa rehani ule ukanda wa kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, ulio upande wa mfereji. Kahawa ya pale ikawa yake kuanzia siku ile, ndizi zikabaki za mama, kwa sababu watoto lazima wale. Kaburi la baba limo kwenye ukanda huo huo. Masharti yalisemwa kwa mdomo mbele ya Baba Mkubwa na mzee mmoja wa kanisa, maana ardhi ilikuwa imeshatangazwa kuwa ya taifa na hakuna aliyethubutu kuandika karatasi juu yake. Zakaria akimaliza masomo na kupata kazi, hela irudi kabla ya Krismasi ya mwaka ule ule. Isiporudi, ukanda ni wa Meku na wanawe, pamoja na ndizi, pamoja na kaburi. Chuo Kikuu chenyewe kililipiwa na serikali. Vijana wa sasa wanaolia na mikopo ya vyuo huniambia, "Bibi, nyie mlisoma bure." Mimi huwa sijibu. Pengine wana haki, maana serikali kweli haikutudai kitu.

Zakaria alifika Aprili ya mwaka ule wa sabini na tatu, katikati ya masika, amebeba begi la nguo na furushi la karatasi alilolifunga kwa nailoni vizuri kuliko alivyojifunga mwenyewe. Ilikuwa ndiyo kazi yake ya mwisho ya masomo: kuhoji kaya kumi na mbili za kwetu, kuandika alichokipata, kisha kungoja kazi. Baba Mkubwa alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mtoto wa mdogo wake anasomea sayansi, basi siku ya pili tu akaja bibi mmoja na mguu uliovimba, akauweka juu ya benchi letu mbele ya Zakaria, akasubiri. Zakaria akamweleza kwamba yeye sayansi yake ni ya jamii. Bibi akasema sawa, huo mguu pia ni wa jamii, umemsumbua yeye na wakwe zake. Tulicheka sana. Zakaria naye alicheka, nakumbuka hivyo, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

Sebule yetu ilikuwa na meza moja, benchi mbili, na kalenda ya zamani ambayo mama hakuitoa kwa sababu ilikuwa na picha ya maua. Nyuma ya ukuta wa mbao alilala mtamba wangu. Nasema wangu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikishuka porini kumkatia majani na kupanda nayo kichwani, saa mbili kwenda na karibu tatu kurudi. Ukiwa mezani ulimsikia akipumua. Jioni ile Baba Mkubwa alikuja kula mtori kwetu, na mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo kwa ajili ya kesho yake. Baba Mkubwa alipomaliza bakuli lake alijifuta mdomo akamgeukia kaka.

"Sasa tuambie. Hiyo sayansi yako ina sindano?"

"Haina, Baba Mkubwa."

"Ina mbegu? Ina dawa ya mibuni?"

"Haina."

"Ina nini?"

"Tunauliza watu wanavyoishi. Tunaandika."

"Maswali," Baba Mkubwa akasema. Akamtazama mama. "Tumeweka rehani kaburi la mdogo wangu, tukanunua maswali."

Mama hakuinua kichwa. Baba Mkubwa akavuta ungo, akaanza kupanga punje za maharage mezani. Punje moja, shilingi mia. Akapanga thelathini, safu tatu, akasema hilo ndilo deni la Meku. Kisha akamuuliza kaka atalipwa ngapi kwa mwezi. Kaka akasema wakishakata kodi, punje tisa. Baba Mkubwa akazihesabu tisa pembeni. "Utakula?" Akaondoa mbili. "Utalala ndani?" Akaondoa moja. "Utavaa? Maana afisa hatembei na kaptura." Akaondoa moja. Zikabaki tano. "Julai mpaka Desemba ni miezi sita. Tano mara sita." Alinigeukia mimi, kwa sababu nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nikipewa hesabu. Nikasema thelathini. Zilitoshana na zile safu tatu bila kubaki hata moja, na Baba Mkubwa akafurahi kama vile yeye ndiye aliyeziotesha.

"Zinatosha. Usiugue, na usioe."

"Nimesikia, Baba Mkubwa."

"Na yule kijana wa huko juu, aliyeishia kidato cha nne, karani wa kahawa pale mjini? Analipwa punje tano, analala kwa mama yake, anakula kwa mama yake. Ametuzidi miaka mitano ya mshahara. Lakini haya, wewe una shahada." Mama akavuta ungo wake, akafagia punje zote kwa kiganja, deni na mshahara pamoja, akasema maharage yale yanatakiwa jikoni. Daftari linasema tarehe ile tulikula mtori wa ndizi za mfereji. Nilikuwa na kawaida ya kuandika ndizi zimetoka wapi, maana za upande wa mfereji zilikuwa laini zaidi, na mama alizitunza kwa mtori na kwa wagonjwa.

Wiki tatu nilimsaidia kaka kupita nyumba kwa nyumba, yeye akiuliza, mimi nikiandika, na wazee wakikataa Kiswahili nikiyageuza maswali kwa Kichaga. Nilipenda kazi ile. Sijawahi kumwambia mtu. Nilitembea na kalamu na ubao wa kuandikia kama mwalimu, na mara moja mama mmoja alinipangusia kiti kabla sijakaa. Kwa Meku Anaeli tulikaribishwa vizuri. Alikuwa mtu mfupi, mikono mikubwa, mwenye kucheka bila sauti. Kaka akauliza swali la saba: je, mzee anadaiwa, au anadai?

"Nadai. Unataka na jina la ninayemdai?"

"Jina halihitajiki, Meku. Utafiti huu ni siri."

"Basi na iwe siri," Meku akasema, akinitazama mimi, mabega yakimtikisika. "Andika, binti. Andika anadai mtu asiyejulikana."

Mama alikuwa wa mwisho. Kaka alisema si vizuri mtafiti kumhoji mzazi wake, majibu yanaharibika, akanipa karatasi akatoka akaenda kusimama chini ya migomba. Niliuliza yote kwa mpangilio, mama akijibu huku anamenya ndizi, mpaka nikafika la mwisho. Kama ungejua unayoyajua leo, ungeiweka ardhi rehani ili kumsomesha mtoto? Kisu kikasimama. "Swali hilo ameliandika yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Mtamba akagonga ukuta kwa pembe. "Andika ndiyo," mama akasema. Nikamuuliza, ndiyo ungeiweka, au ndiyo umesikia? "Andika ndiyo tu, Ndeshi." Niliandika ndiyo. Nimelifikiria jibu lile miaka hamsini na bado sijui nililiandikia nini. Yawezekana nilisaidia kuharibu utafiti.

Julai kaka alirudi kutoka chuoni na kazi iliyokamilika. Alikuwa amesifiwa kwayo, na alitaka tuisikie, basi akatukusanya mezani, mimi, mama na Baba Mkubwa, akaanza kutugeuzia kwa Kiswahili. Alisoma vizuri. Nakiri nilijivuna kusikia mambo niliyoyaandika kwa mkono wangu yakisemwa kwa maneno makubwa. Akafika mwisho. Alisema amepima gharama yote, ada, kahawa iliyopotea, kazi ya wanawake isiyohesabiwa, akaiweka dhidi ya mshahara wa mtu mwenye shahada kama yake, na ameona kwamba kaya iliyoweka ardhi rehani kwa ajili ya shahada ya aina hiyo haitarudishiwa ilichotoa. Ingefanya vyema zaidi kununua ng'ombe wa maziwa.

"Wangapi?" akauliza Baba Mkubwa.

"Wawili wangetosha."

Baba Mkubwa alicheka mpaka akakohoa, akapiga meza kwa kiganja. "Wawili. Tumsikilize msomi. Shemeji, umesikia? Umezaa pungufu ya ng'ombe wawili." Kaka alianza kueleza kwamba yeye hazungumzii nyumba hii, anazungumzia kaya kwa ujumla. Lazima niseme kwa upande wake kwamba nadhani aliamini hivyo kabisa. Ni mtu aliyeweza kusimama ndani ya nyumba akaiona kutoka mbali. Mama alimuuliza swali moja tu: hao ng'ombe wawili, wangemwita mama? Kaka akasema utafiti haukugusa jambo hilo.

Kesho yake alipata barua ya kupangiwa kazi, afisa wa maendeleo ya vijiji, Mpwapwa. Hakuwa na suti, godoro wala sanduku. Mama akauza mtamba wangu. Hakuniuliza, na kwa haki hakuwa na sababu ya kuniuliza, ng'ombe alikuwa wa nyumba. Niliporudi na majani kichwani nilimkuta mnunuzi ameshafika mbali. Nikayashusha majani pale pale mlangoni, na usiku huo sikuandika yaliyotokea. Niliandika hali ya hewa na chakula.

Agosti, kwa kadiri panya walivyoniachia, zilikuja shilingi mia mbili. Septemba hakuna. Oktoba mia mbili tena, pamoja na barua. Alisema alikuwa na homa wiki mbili, nyumba aliyopewa haikuwa na kitanda, na kwamba ameona ni busara aanze maisha kidogo ili aweze kutusaidia vizuri baadaye. Mtu wa kwetu aliyepita Mpwapwa akatuambia amemwona kaka na baiskeli mpya na redio ya mbao yenye sauti nzuri. Nataka niwe mwangalifu hapa. Baiskeli inaweza kuwa ilikuwa ya ofisi. Redio sijui. Mama aliweka zile mia nne kwenye kopo la majani ya chai na kila Jumapili baada ya ibada alilifungua, akalifunga.

Kaka alikuja siku mbili kabla ya Krismasi, na suti ile ile, kilo mbili za sukari, na kanga ya mama. Hakuleta hela. Jioni ile alianza kwa kutueleza sheria. Alisema kwa sheria za sasa ardhi haiwekwi rehani, kwa hiyo yale makubaliano na Meku hayapo, na kama Meku akileta fujo yeye atakwenda kwa balozi wa nyumba kumi kumshitaki. Mama alimwacha amalize. Kisha akasema, "Alitupa hela mchana, Zakaria, nasi tukapokea kwa mikono miwili."

Asubuhi ya tarehe 24 niliamka nikamkuta mama ameketi kwenye benchi nje na kaka amepiga magoti mbele yake na suti yake, kwenye vumbi, ameshika jani la isale alilolifunga fundo. Asiye wa kwetu nimweleze. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaouotesha kwenye mipaka na kwenye makaburi. Mtu aliyemkosea mwenzake vibaya huchukua jani lake, akalifunga fundo, akampelekea. Aliyepelekewa hawezi kukataa. Hata kama umemwagiwa damu, ukiletewa isale unapokea, na ukipokea jambo limekwisha, halizungumzwi tena. "Mama, nimekosa," kaka alikuwa akisema. "Nimekosa, naomba unisamehe." Na mama akanyoosha mikono miwili akapokea jani. Kaka akainuka akapangusa magoti, akaingia ndani kunywa chai. Nilimsikia akikoroga sukari.

Mama alilipeleka jani ndani akaliweka kando ya taa. Nilisimama nikalitazama. Mawazo yangu wakati ule nayakumbuka vizuri kuliko kitu chochote cha mwaka ule, na ni mawazo ya mtu mjinga. Niliwaza: kama jani hili limemfunga mama, litamfunga na Meku. Nikalichukua. Sikumwambia mtu. Nikachukua na lile kopo la majani ya chai, nikavuka mfereji.

Meku Anaeli alikuwa uani anageuza kahawa yake kwenye vichanja, kahawa iliyotoka kwenye mibuni yetu. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akauliza mbona mapema. Nikapiga magoti, nikaweka kopo chini, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili. Meku akaiondoa mikono yake mikubwa kwenye kahawa akaificha kwapani, mmoja huku mmoja huku, haraka kama mtu aliyeona nyoka.

"Hilo la nini?"

"Tunaomba utusamehe, Meku."

"Mmenikosea nini?"

"Hela hazijapatikana. Ziko mia nne."

"Hilo si kosa. Hilo ni deni." Sauti yake haikuwa kali. "Isale ni la kosa, binti. Si la deni. Nani kakutuma, yule msomi?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Na jani umelichuma wapi?"

"Kaka ndiye kalichuma. Kwenye kaburi la baba."

"Kaburi liko kwa nani?"

Mikono ilikuwa inaniuma kwa kunyoosha lakini niliogopa kuishusha, nikidhani nikiishusha ndiyo nimeshindwa. Meku alinizunguka akasimama upande wa pili wa kichanja, ili kahawa iwe kati yetu.

"Sikiliza," akasema. "Nikilipokea, hela yangu imekufa, siwezi kuitaja tena mpaka naingia kaburini. Nisipolipokea, kesho kanisani kila mtu anajua Anaeli kakataa isale, na siku ya Krismasi. Umenifunga huku na huku. Ungekuja mikono mitupu na hicho kikopo chako, ukasema Meku, tuvumilie, ningekupa msimu mmoja. Tuliongea jana na mama watoto. Muulize." Nikatazama mlango wa jiko. Mkewe alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi. Hakusema ndiyo wala hapana, akarudi ndani. "Sasa siwezi," Meku akasema. "Nikukatalie isale halafu nikupe muda, watu watasema niliogopa. Rudisha jani lilikotoka. Na hela zenu rudi nazo. Mtazihitaji, mnanunua ndizi kuanzia kesho."

Mpaka leo sijui kama alisema kweli juu ya ule msimu mmoja. Inawezekana alitaka tu kuniumiza, na alikuwa na haki kidogo ya kutaka hivyo. Inawezekana pia ilikuwa kweli, na mimi, kwa mikono yangu miwili, ndiye niliyetoa kaburi la baba. Nimejaribu kulipima kila namna. Naishia kugawa: theluthi mbili ni za Zakaria, theluthi moja yangu. Siku nyingine, hasa siku za ukungu kama leo, naipanga kinyume.

Nilirudi nikaeleza yote mezani, sikuficha neno. Mama akasema, "Yeye aliniletea mimi. Nani alikutuma ulihamishe?" Hakusema kitu kingine, na hakunisemesha mpaka Mwaka Mpya. Kaka ndiye aliyeuliza zaidi. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Alificha mikono? Wapi, nyuma au kwapani?" Nikasema kwapani. "Yote miwili kwa pamoja?" Nikasema yote miwili. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa suti.

Leo, binti yake aliposoma karatasi za chapa zikaisha, akasema kuna ukurasa mmoja nyuma, wa mkono. Nikamwambia asome. Ulikuwa na tarehe ile. Unaeleza jinsi isale lilivyokataliwa kwa ajili ya deni, mikono kwapani, maneno ya Meku karibu yote kama nilivyoyasema, na chini yake mstari mmoja: "Mhojiwa namba nne alikosea desturi." Ni kweli, nilikosea. Hakuandika ni nani aliyelichuma lile jani, wala lilikuwa limeshatumika kwa nani kabla halijafika kwa Meku. "Baba alikuwa anakutaja sana," binti akasema. Naamini. Na haki yake nyingine niiandike hapa hapa: miaka kumi baadaye alimjengea mama nyumba ya matofali, na wanangu wawili wamesoma kwa hela yake, mpaka mwisho, bila kunidai hata asante. Habari ya ukanda wa mfereji hakuitaja hata siku moja. Alikuwa amesamehewa, na kwetu jambo likisamehewa halitajwi. Juzi tulimzika upande wetu, karibu kabisa na mpaka, na wajukuu wa Meku Anaeli wakawaruhusu waombolezaji wasimame upande wao, kwa sababu upande wetu haukutosha.

Nilifungua daftari baada ya binti kuondoka. Tarehe 24 Desemba. Jua kali, mlima uko wazi mpaka juu. Katikati, mahali pa yaliyotokea, pako wazi. Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, mke wa Meku alivuka mfereji na mkungu wa ndizi kichwani, akautua mlangoni kwetu, akasema ulikuwa umeshakomaa, ungepasuka bure. Mama akashukuru. Akazimenya, akazipika na maharage, na sote wanne tukala, Baba Mkubwa akaongeza mara mbili. Chini ya ukurasa nilikuwa nimeanza kuandika kama kawaida yangu, ndizi za mfereji. Papo hapo nikayakata maneno hayo kwa mstari mmoja ulionyooka, na mbele yake nikaandika: ndizi za Meku Anaeli, na maharage.